Posa Iliyokwama Mchangani

Najua yanayosemwa mji mzima wa Maun, dukani na kwenye foleni ya zahanati: kwamba mimi, Mma-Gaone, nimeharibu posa ya Onkemetse, mtoto wa dada yangu. Haya, kaeni niwaambie, maana mliohadithiwa na Baboloki mmehadithiwa na mwenye kosa.

Tulitakiwa tuwe getini kwa wakwe, huko Letsheng, kabla jua halijachomoza. Mkichelewa mnarudishwa, hata mjumbe awe nani.

Tulikuwa na magari mawili. La mbele la jirani yetu Gaolathe, limebeba mizigo. La nyuma la mdogo wangu Baboloki, mjomba wa bwana harusi, mkubwa wa msafara, limejaa akina mama. Gari lenyewe mnalijua. Juu ya keria kuna sanduku jeusi, na ndani yake kila kitu: vibao vya kuweka chini ya tairi, beleshi, pampu ya upepo. Kila Jumapili analiosha penye watu, analifungua sanduku waone, kisha analifunga kwa kufuli.

Kilomita kumi kabla ya kufika, Baboloki akazama mchangani hadi kwenye ekseli. Nikashuka.

"Haya, toa vibao."

Anajipapasa mifukoni.

"Ufunguo nimeuacha nyumbani," akasema. "Niliogopa kuupoteza."

Jamani!

"Basi vunja kufuli."

"Dada, sanduku jipya hilo! Gaolathe anivute tu, mkanda ninao chini ya kiti."

Kweli akautoa. Upande mmoja akaufunga kwenye gari lake, na wa pili akaenda kuuvisha kwenye kile kichwa cha chuma cha kufungia trela, nyuma ya gari la Gaolathe. Na ndani ya hilo lake lililozama wamekaa wanawake wanne, shuka mabegani, wanaimba.

Damu ikanichemka. Kichwa kile kimetengenezwa kuvuta trela, si gari lililozama. Kikikatika, mkanda unakirusha nyuma kama risasi, hadi ndani ya gari linalovutwa. Sikuhadithiwa. Rra-Tebo, jirani yetu wa kule zizini kwa ng'ombe, kilipita kwenye kioo cha mbele kikamkuta kwenye usukani. Mimi ndiye niliyeufunika mwili wake.

Nikaukanyaga mkanda. "Hauvutwi huu."

"Dada, jua hilo linakuja!"

"Lije."

Gaolathe akacheka. "Mma-Gaone, umekuwa fundi tangu lini?"

"Tangu nilipookota meno ya mtu mchangani. Wewe umewahi kuokota nini?"

Akafyata mkia. Baboloki hakufyata. "Ukimkosesha Onkemetse mke, utamwambia nini mama yake?"

Hapo alinichoma. Kelebonye ni dada yangu wa tumbo moja, na huyo mwanawe ana miaka thelathini na tisa. Nikachukua spana ya magurudumu, nikapanda juu ya boneti na viatu vyangu vya sherehe, nikalishughulikia lile sanduku. Kufuli lilikataa. Pigo la nne, komeo lenyewe likang'oka na kipande cha mfuniko. Baboloki akapiga ukelele kama anayechinjwa.

Vibao vilikuwa bado ndani ya nailoni. Nailoni! Beleshi lina kibandiko cha duka. Tukachimba, tukapunguza upepo wa tairi, tukapachika vibao, gari likapanda lenyewe taratibu. Hakuna aliyevutwa.

Lakini tulipofika, jua lilikuwa limeshavuka miti. Getini alisimama shangazi wa bibi harusi, mikono kifuani.

"Wageni wa mchana tunawapa chai," akasema. "Wenye posa waje Jumamosi ijayo."

Baboloki, mwanamume mzima, akaninyooshea kidole mbele ya wakwe. "Ni huyu!"

"Ni mimi," nikasema. "Niliyekataa hawa wanne wafe ili huyu asikwaruziwe sanduku, ni mimi."

Shangazi akawatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine. Neno lake hakulibadili. Ila chai ilipokuja, kikombe cha kwanza alinipa mimi, na mjomba mtu akiwa pale pale anameza mate.

Kelebonye hanisemeshi. Jana nilikwenda kwake, akaendelea kupepeta mtama kana kwamba umeingia upepo tu. Nikamuuliza hapo hapo uani: "Dada, niambie basi. Kati ya wale wanne, ulitaka tumzike nani?"

Bado nasubiri jibu.