Saini ya Jirani Mwema

"Kama njia ni yako, ikunje basi uiweke kabatini," alisema muuza rangi, na majirani waliojaa barabarani wakaangua kicheko.

Fundi cherehani, aliyesimama ndani ya kichochoro, hakucheka. Mwashi alikuwa anaziba mdomo wa kichochoro, tofali juu ya tofali, na ukuta ulishafika kiunoni. Nyumba ya fundi ina mlango mmoja tu, nao unatazama kichochoro hicho. Pande nyingine zote amebanwa na kuta za watu.

Akaanza upya kueleza. Marehemu seremala, mwenye kiwanja wa zamani, alimwomba yeye fundi pembe ya ua wake ajengee banda la mbao, na kwa kubadilishana akamwachia njia. Walipeana mikono mtaa mzima ukiona. Banda si lile pale, mpaka leo? Majirani wakaitikia kwamba ndivyo, nani asiyejua.

Muuza rangi hakubisha. Alikunjua mkataba aliowekeana na mjane wa seremala aliponunua kiwanja, akasoma polepole: kiwanja kinaishia kwenye ukuta wa nyumba ya fundi cherehani. Kisha akashusha kidole hadi penye shahidi wa mpaka.

"Saini ya nani hii, dada?"

Ilikuwa yake fundi. Mtaani hapo hakikuuzwa kiwanja bila yeye kuitwa kushuhudia, na alipenda kuitwa: soda, viti vya kuazima, umbea wa moto moto. Siku mjane alipouza alitia saini huku anasimulia ndoa ya watu, karatasi hakuitupia hata jicho. Wakili aliyemwendea kabla ukuta haujaanza alishika kichwa. Makubaliano ya mdomo yangeteteka, alisema, mashahidi wapo tele. Ila shahidi mkuu ni wewe, na umeshasema kinyume. Tena akamwonya: siku utakayopita kwa hisani ya mnunuzi, umekiri kwamba njia si yako.

Ukuta ukafika kifuani. Ng'ambo yake bibi harusi alikuwa anaulizia gauni lake, gari linamsubiri, na gauni liko mkononi mwa fundi, zito kama maiti.

Ndipo mke wa muuza rangi akafungua mlango wa jiko lake, unaotokea kichochoroni humo humo. Nyuma yake ilionekana sebule, na nyuma ya sebule barabara, nyeupe kwa jua.

"Hatujakufungia, shoga yangu," alisema kwa upole. "Utakuwa unapita kwetu, ni kubisha hodi tu."

Fundi akatazama ukuta, akatazama gauni. Mguu ukajiinua wenyewe.

"Hodi," akasema.

"Karibu. Tumeshapakua, ingia ule kwanza."