Sanduku la Fundi

Dirishani kwetu, ofisi ya tiketi za ndege, pana ubao mweupe, na anayeandika bei kwenye ubao huo ni mimi. Nina mwandiko mzuri, ndiyo sifa yangu. Kila asubuhi nachukua kalamu nyekundu, naorodhesha miji na nauli zake, na hakuna hata moja unayoweza kusafiri nayo. Sisi wenyewe tunaiita bei ya dirishani. Ni nauli kavu: haina kodi, haina ada ya uwanja, haina ya usalama, haina mafuta wala mzigo. Mteja akishakaa na kutoa pasipoti, ndipo tunamwongezea kidogo kidogo, kwa sauti ya upole kama tunampa pole ya msiba. Mwisho kabisa tunaweka ada ya huduma, ambayo ni yetu sisi, ila kwenye risiti tunaibana katikati ya kodi ili aidhanie ya serikali.

Msinitazame hivyo. Kazi niliikuta hivyo. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupoi, alinifundisha siku ya kwanza. “Muhimu akae,” aliniambia. “Akishakaa, ataona aibu kuondoka.”

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na dirisha letu, ana kibanda chake mama mmoja fundi cherehani. Miaka ishirini na ushee anawashonea mabinti wa watu magauni ya harusi. Suruali zangu zote kazipunguza yeye, na kila nikimuuliza ni kiasi gani ananifukuza: “Hebu nenda zako huko! Nikutoze wewe, mtoto wa jirani?”

Siku moja akavuka barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama mlangoni.

“Mwanangu, binti yangu anaolewa huko huko ughaibuni aliko. Nimesoma bei yako pale dirishani. Ndiyo hiyo?”

Alikuwa na huyo binti mmoja tu. Na mimi nilikuwa na wateja wawili mbele yangu, wote masikio wazi. Ningesema nini? Ulimi ukajibu wenyewe, kwa mazoea.

“Ndiyo hiyo, mama.”

Akaondoka anacheka. Miezi mitano baadaye akarudi na bahasha, na ndani yake kulikuwa na bei ile ile ya ubaoni, haikuzidi wala kupungua. Akakaa kwenye kiti. Alikaa wima, mikono magotini, kama anapigwa picha.

Jamani, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikajificha nyuma ya kompyuta, nikapekua ndege moja baada ya nyingine. Nikapata moja inayoondoka alfajiri na kumkalisha mtu njiani kwa muda wa saa tisa. Nauli yake ilikuwa chini sana. Nikaongeza kodi, pesa zake zikatosha. Nikaongeza ada yetu ya huduma, zikatosha kwa taabu. Nikaongeza mzigo, zikagoma.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Ada yetu na bei ya mzigo zilikuwa karibu sawa. Ningeifuta ada yetu, sanduku lingepanda ndege. Lakini Bosi hukagua risiti kila jioni, na ningelazimika kumweleza kwa nini nimemwonea mtu huruma. Nikaufuta mzigo wa Fundi, nikaiacha ada yetu.

“Na sanduku langu?” akauliza. “Maana kesho ndiyo naanza kukata kitambaa cha gauni lake. Nataka nimshonee lile pana, la marinda, lijae mlango mzima. Nimewashonea wa wenzangu, mpaka nimechoka kuwashonea wa wenzangu.”

“Usiwe na wasiwasi, mama,” nikamwambia.

Kasuku akageuza shingo akanitazama.

Nilijipa moyo. Nilisema mwisho wa mwezi nitaulipia mzigo ule kimyakimya kwa mshahara wangu, wala hatajua. Mwisho wa mwezi ukafika. Nikanunua viatu. Nikasema basi, mwezi ujao. Na kila siku, nikinyanyua macho kutoka mezani, namwona pale ng'ambo, na ule weupe wa gauni magotini mwake unaongezeka. Wiki ya kwanza ulikuwa kama shuka. Wiki ya tatu ulikuwa umemfunika hadi kifuani, na cherehani haionekani. Akiniona natazama, ananyanyua rinda moja kunionyesha, nami nanyanyua dole gumba. Kuvuka barabara ile ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu baadaye, sasa hazina faida.

Na mwezi wa pili? Mwezi wa pili nilisahau. Ndiyo, nilisahau! Mtu akisharidhika na uongo wake, hata kuusahau anausahau.

Asubuhi ya safari yake, nafungua ofisi, namkuta dereva wa teksi barazani, kakaa juu ya sanduku kubwa lililofungwa kamba.

“Hili la yule mama fundi,” akasema. “Kule uwanjani wamemwambia tiketi yake haina mzigo, alipe. Mzigo ukilipiwa pale pale ni ghali mno; walichotaka kilizidi hata pesa yote aliyobeba. Alitaka kulitoa gauni alishike mkononi, wakamwambia kitu kikubwa hivi hapandi nacho ndani, na dirisha la kupokelea abiria linafungwa. Ikabidi achague.”

“Alisema nini?”

“Amesema umtunzie. Na amesema usihangaike moyo, wewe huna kosa. Wabaya ni wale wa uwanjani.”

Nilikimbia na lile sanduku mpaka ofisi ya mizigo, sikuaga hata mtu. Harusi ilikuwa baada ya siku mbili. Karani akahesabu kwa vidole, akaniambia litafika baada ya siku sita. Nikamsihi, nikamwambia nitalipa chochote. “Kaka,” akasema, “hata ukilipia ndege nzima, leo hakuna nyingine.” Nikarudi nalo, nikaliweka chumba cha nyuma, penye birika la chai. Kila nikienda kuchemsha maji nalipita.

Alirudi baada ya wiki mbili. Aliingia na mfuko wa peremende, akatugawia wote, Kasuku akapewa mbili.

“Umenunua viatu, mwanangu! Umependeza.”

Nikamuuliza harusi ilikuwaje, ingawa sikutaka kusikia.

“Ilikuwa nzuri. Tulikodi gauni dukani. Lilimpwaya mgongoni, kwa hiyo nikalibana pini, kumi na moja. Nilisimama nyuma yake muda wote, nachunga zisimchome.” Akacheka kidogo, halafu akaacha. “Kila mtu alimwuliza, mama yako si fundi? Akawaambia gauni la mama liko njiani.”

Akaniomba sanduku. Nikalitoa, akafungua kamba pale pale mezani kwangu ili aone kama halikuingia unyevu. Kifuniko kilipoachia tu, gauni likafumuka, likaifunika kompyuta, risiti na kalamu zangu. Hata kiti cha wateja kikapotea.

Nikapiga moyo konde.

“Mama, si watu wa uwanjani,” nikasema. “Ni mimi. Bei ya pale dirishani si bei. Pesa yako haikutosha mzigo, nami nilijua tangu siku ile uliyokaa hapo. Nilikuwa naweza kuondoa ada yetu. Nikaondoa sanduku lako. Nisamehe.”

Nilitaka anitukane. Wallahi, nilikuwa nimejiandaa, nilitaka anizabe kofi hata Bosi asikie. Yeye alilishika rinda moja, akalinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama lina mkunjo.

“Siku ile,” akasema, “kitambaa nilikuwa sijakikata bado.”

“Ndiyo, mama.”

“Ungeniambia tu, mwanangu. Ningeshona jembamba.”

Akaanza kulikunja. Nilitaka kumsaidia, akausukuma mkono wangu. Alipomaliza alifunga kamba, akalibeba sanduku mwenyewe, akavuka barabara.