Nyayo za Bi Reki

Wewe, kama jina lako lingekaa juu kabisa ya orodha kwa miaka tisa, na kila ulichokisubiri kikapita mbele ya macho yako kikaenda kwa mtu wa chini yako, ungeamka asubuhi bado unasalimia watu kwa furaha?

Bi Reki alikuwa anasalimia. Kila siku saa moja na nusu alishuka ngazi za ghorofa ya nne, akavuka ua, akafungua lango la bustani za mtaa na kumsalimia kila aliyeinama juu ya mimea yake. Aliwauliza habari za mgongo, habari za wajukuu, habari za nyanya. Akishajibiwa yote matatu ndipo aliposhika kazi.

Bustani hizo zilikuwa katikati ya majengo sita, mahali palipokuwa pa kuegesha magari zamani. Mji ulipoamua kuvuta hewa safi, magari yaliondolewa, watu wakapanda baiskeli, na lami ikabanduliwa kama ukoko wa chungu. Vikapimwa vitalu thelathini na viwili, kila kimoja hatua nne kwa hatua sita. Zilikuwa hatua za mwenyekiti wa kamati ya bustani, ambaye ana miguu mirefu, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Kila kitalu kilikuwa na kibao cha bati chenye namba na jina la mwenyewe. Pembeni kulikuwa na bomba, kando ya bomba tangi la maji ya mvua, na nyuma ya tangi, kivulini, mapipa matatu makubwa ya mbao ya kuivishia mboji. Huko ndiko alikoshinda Bi Reki.

Maganda yote ya majengo sita yalimjia yeye: ya viazi, ya ndizi, ya mayai, majani ya chai, na maua yaliyokauka ya wale waliogombana wakapatana. Aliyachambua kwa mkono. Kila wiki alikuta humo vijiko vitatu au vinne, akaviosha na kuvitundika kwenye uzi karibu na lango ili wenye vijiko wavitambue. Kisha akageuza lundo kwa uma mrefu wa bustani, la pipa la kwanza likaenda la pili, la pili likaenda la tatu, na baada ya miezi mitatu ikatoka mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya mvua. Vitalu thelathini na viwili vilikula kutoka mikononi mwake. Yeye hakuwa na hata kimoja.

Orodha ya wanaosubiri kitalu ilikaa ndani ya kioo cha ubao wa matangazo. Namba moja: jina lake. Lilikuwa limeandikwa upya mara tatu, maana jua lilikula wino. Katika miaka hiyo tisa vitalu vitano viliachwa na wenyewe, na vyote vitano vilikwenda kwa wengine kwa sababu ya kifungu cha nne cha kanuni, kinachosema: kipaumbele apewe mkazi asiye na udongo. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa tiketi za treni aliyestaafu, na kanuni alizisoma kidole kikitembea chini ya mstari, kama anatafuta kituo cha kushukia.

"Sasa Bi Reki," alisema kila mara, kwa upole kabisa, "wewe kutwa uko na udongo. Tukikupa na kitalu, si tutakuwa tumekupa mara mbili?"

"Haidhuru," alijibu Bi Reki.

Neno hilo lilikuwa lake. Chai ikipoa, haidhuru. Mvua ikimkuta bila mwavuli, haidhuru. Mdogo wake, mshonaji aliyeishi naye, alisema siku ya mazishi dada yake atainuka kidogo amwambie mchimba kaburi haidhuru, hata akichimba padogo.

Ila katika mfuko wa aproni yake mlikuwa na kiberiti kisicho na njiti, na ndani yake mbegu saba za boga. Kila mwaka alinunua boga sokoni, wakalila yeye na mdogo wake siku tatu mfululizo, akakausha mbegu dirishani, akatoa za zamani na kutia mpya. Mbegu hazina uvumilivu wa binadamu.

Basi Jumamosi moja, saa tatu hivi, alimaliza kugeuza pipa la pili. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vimeingia kokoto. Akavivua, akaenda peku hadi bombani kunawa. Fundi saa, mwenye kitalu cha saba, aliinua kichwa kutoka kwenye vitunguu vyake.

"Bi Reki, umeangusha mchicha."

Bi Reki akageuka. Kila alipokuwa amekanyaga palikuwa na kishada cha mchicha, urefu wa kidole, na umande juu yake.

"Haujaanguka," alisema. "Umeota."

"Ahaa." Fundi saa aliitazama ile njia, akakitazama kitalu chake. "Sasa hapo njiani si watu wataukanyaga? Ungepita huku kwangu."

Akapita.

Kufika Jumatano mtaa mzima ulikuwa umeshajua taratibu zake. Mguu wa kulia ulitoa majani: mchicha, saladi, kabichi changa. Mguu wa kushoto ulitoa vya chini: karoti, figili, vitunguu. Kwa kuwa Bi Reki alichechemea kidogo mguu huo, karoti zilikuja zimepinda, lakini utamu ni ule ule. Akivaa viatu haukuota mmea wowote. Akivaa soksi ziliota giligilani tu. Alikwenda zahanati kwa sababu mdogo wake alimlazimisha. Tabibu akamkagua vidole vyote kumi, akaandika kwenye kadi: miguu mizima, inywe maji.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kasheshe. Ngazi za jengo lao zilikuwa na nyufa nyingi, na kila ufa ulishika kitu. Watu wa ghorofa ya kwanza waliacha kwenda sokoni. Walifungua mlango na kisu mkononi, wakakata saladi ya mchana, wakafunga mlango.

"Dada," mdogo wake alimwambia, akiwa amepiga magoti na mkasi wa kushonea, "bafuni mna kabichi. Nimeoga nayo leo. Tumetazamana."

"Ni changa hiyo. Iache ikue."

"Ikue ioe?"

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kamati ilikaa ikapanga ratiba ya kukanyagiwa. Kila kitalu dakika kumi kwa wiki, fundi saa akiwa ndiye mshika saa, na haongezi hata nukta kwa mtu wa nyumbani kwake. Bi Reki alipita kitalu hadi kitalu, suruali ameikunja magotini, na watu walimpokea kama bibi harusi. Walimwekea kiti chenye mto. Walimletea chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo miaka tisa halikuwahi kutokea.

"Bi Reki, mguu wa kulia nimeshiba nao. Leo nirukie wa kushoto tu."

"Nirukie? Mimi korongo?"

"Nitakushika mkono, shoga yangu. Taratibu."

Akaruka kwa mguu mmoja kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, watu wakihesabu, na nyuma yake karoti zikatoka mstari mmoja, zimepinda zote upande wa kushoto.

Wakamwazima kwingine. Alikanyaga paa la zahanati, na wagonjwa wa wodini wakapata supu ya mboga inayotoka juu ya vichwa vyao. Alikanyaga uwanja wa shule ya watoto wadogo, na watoto wakamfuata nyuma wakila figili kabla hazijafutwa udongo. Alikanyaga ukingo wa barabara ya baiskeli kutoka kwenye taa hadi kwenye daraja, na waendeshaji wakawa wanafika kazini na kitu kikapuni. Mji ulinenepa kidogo. Picha ya miguu yake ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya orodha.

Boga peke yake halikuota. Alijaribu siku moja nyuma ya mapipa, akatia mbegu chini ya kidole gumba na kukandamiza. Likachungulia jani moja, likasita. Boga lataka mahali pa kulala miezi minne bila kuhamishwa, na Bi Reki alikuwa na dakika kumi. Fundi saa akapiga kengele, na ikabidi aende kitalu cha kumi na nne.

Mwezi wa nne mwalimu wa muziki, mwenye kitalu cha kumi na tisa, alihamia kwa binti yake. Kitalu cha kumi na tisa kilikuwa karibu na mapipa kabisa. Kilipata jua la asubuhi na kivuli cha tangi mchana, na pembeni mwalimu aliacha benchi fupi la mbao la kukaa mtu mmoja. Miaka tisa Bi Reki alikuwa akilitazama benchi hilo huku ameegemea uma.

Mkutano ulifanyika Jumapili. Mwenyekiti alisoma orodha, akasoma jina la namba moja, watu wakampigia Bi Reki makofi. Kisha akasoma kifungu cha nne.

"Wajumbe, tuwe wakweli," alisema. "Asiye na udongo. Huyu mwenzetu sasa hata si udongo tu. Huyu ana bustani kila anapokanyaga. Ana bustani mbili, ya kulia na ya kushoto. Kumpa ya tatu si kumwelemea?"

Watu wakakubali kwamba ni kumwelemea. Walikubali kwa mapenzi, wengine wakimpapasa bega. Kitalu kikaenda kwa namba kumi na moja, daktari wa meno wa jengo la tano, mtu mpole ambaye kwenye balkoni yake hakuwa na hata chungu cha maua. Ikaamuliwa Jumamosi ijayo Bi Reki awe wa kwanza kukikanyaga kitalu hicho, kumkaribisha mgeni.

Jioni mdogo wake alisimamisha cherehani.

"Ukasema nini?"

"Nilisema haidhuru."

"Mvumilivu hula mbivu, dada. Wewe miaka tisa unakula maganda." Alikata uzi kwa meno. "Wao hawajui unachokitaka. Wanaona mtu anacheka. Umewaambia lini?"

"Si nimeandika jina?"

"Jina halina mdomo. Mdomo unao wewe, na si wa kupulizia chai tu."

Bi Reki alikwenda kulala akiwa amevaa soksi, na asubuhi shuka ilinukia giligilani.

Jumamosi ilikuwa na jua zuri. Walikuja watu wa vitalu vyote thelathini na viwili, na mdogo wake naye akaja, sindano bado imechomekwa kifuani. Mwenyekiti alikuwa ameshamkabidhi daktari ufunguo. Kibao chenye jina la daktari kilikuwa kimeshafungwa kwa skrubu nne, na kipo hadi leo. Jina la Bi Reki nalo lipo hadi leo, juu kabisa ya orodha, kwa wino mpya. Lakini nakueleza ya siku ile.

Bi Reki alivua viatu, akavipanga sawasawa ukingoni, akaingia kitalu cha kumi na tisa. Udongo ulikuwa mboji yake mwenyewe ya mwaka juzi. Aliitambua kwa nyayo. Akatembea hatua nne. Akageuka, akatembea hatua sita. Watu wakainama kutazama.

Pakavu. Alama za miguu zilikaa pale, vidole kumi vinaonekana, na ndani yake hamkuwa na hata unyasi.

"Rudia wa kushoto," fundi saa alinong'ona. "Dakika ziko nyingi."

Akarudia wa kushoto. Pakavu. Wakamletea maji, akanywa, kama alivyoandika tabibu. Wakamletea kiti chenye mto. Akakaa, akainuka, akakanyaga tena. Mtu wa kitalu cha pili alisema labda miguu imechoka, na mwingine akasema hata kuku kuna siku hatagi.

Mwenyekiti akatazama ratiba yake.

"Haidhuru," alisema. "Tuendelee na kitalu cha ishirini."

Bi Reki alilisikia neno lake likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Halikuwa kubwa kama alivyodhani, na halikumgharimu kitu aliyelisema. Watu wakaanza kusogea kwenda ishirini. Yeye hakusogea. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, umeshika kiberiti.

Daktari wa meno ndiye aliyebaki karibu. Kazi yake ni kungoja mbele ya watu waliofungua kinywa, na aliona kwamba kinywa hiki kimefunguka na hakijatoa kitu. Akainama kidogo.

"Taratibu tu, mama," alisema. "Panauma wapi?"

"Hapa," alisema Bi Reki, akagusa ardhi kwa kidole cha mguu. Watu wa ishirini wakageuka. Mdogo wake akachomoa sindano kifuani, akaishika mkononi.

"Inadhuru," alisema Bi Reki. "Hiki nilikitaka mimi. Hatua nne kwa sita, na lile benchi. Nipande boga moja tu, nikae kando yake, nilitazame linavyonenepa, nisiende popote."