Sahihisho la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Masahihisho yalikuwa karatasi tatu tu, na Mwalimu Jabez aliyaleta darasani yakiwa yamekunjwa ndani ya kitabu cha mahudhurio. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mchezo. Siku nyingine watu wazima wa darasa la jioni, mtaa wa Langoni, Lamu, walisoma Kiswahili na hesabu, lakini Alhamisi walisafiri. Kila mmoja alikuwa na mtu wake katika hadithi, mtu wa kuandikwa kwenye karatasi, mwenye jina, nguvu na mzigo wake, na wote pamoja walipita katika nchi ya milima na mazimwi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kitabu cha kanuni Mwalimu alikinunua Nairobi, akawa anawatafsiria ukurasa mmoja mmoja ili wapate kitu cha kusoma kwa hamu. Bi Esha na Waislamu wenzake darasani walikataa kugusa dadu kwa ajili ya dini, kwa hiyo wote waliokota vikaratasi vyenye namba, moja hadi ishirini, kutoka kwenye kopo la maziwa.

Kampuni iliyotunga mchezo ilikuwa ng'ambo, na kila baada ya miezi kadhaa ilitoa masahihisho kwenye mtandao. Kazi ya Bi Esha ilikuwa kukata kila sahihisho na kulibandika juu ya kanuni iliyokosewa. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ya mkono wake: miaka arobaini ya kushona kofia ilimfundisha kutotetemeka.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema Mwalimu, na hakumtazama. "Bi Esha, tusomee."

Bi Esha alifuatisha maneno kwa kidole. "Msafiri ambaye mchezaji wake amekosa vikao saba mfululizo... atahesabiwa kuwa ameiacha safari. Jina lake... lifutwe katika orodha. Hawezi kurudi."

Alipofika mwisho ndipo alipoelewa alichokisoma.

"Idarus amekosa vingapi?" aliuliza Mourine, mwuza mitumba aliyekaa dawati la mbele. Alijua, kama walivyojua wote.

"Tisa," alisema Bi Esha.

Idarus alikuwa mdogo wake. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kukagua tikiti za boti kwenye gati la Mokowe, na alipostaafu akaja darasani kutafuta cheti cha darasa la nane. Wiki tisa zilizopita kiharusi kilimwangusha akiwa anatawadha. Upande wa kulia ukafa, na ulimi pia. Ukabaki mkono wa kushoto. Muuguzi aliwafundisha: akibana mara moja ni hapana, mara mbili ni ndiyo. Mambo mengi waliyomuuliza hakuyajibu. Lakini kila Alhamisi Bi Esha alipita kwake baada ya darasa, akamwambia, "Ngao yuko kambini, amelala salama," naye akabana mara mbili. Ngao ndilo jina la mtu wake wa mchezo. Kanuni ya zamani ilisema msafiri ambaye mchezaji wake hayupo hulala kambini na hapatwi na jambo.

"Kwa nini wamebadilisha?" aliuliza Mourine.

"Wameandika sababu," alisema Mwalimu. "Wachezaji wengine walikuwa wakificha dhahabu kwenye mifuko ya waliolala."

"Sisi tumeficha nini kwa Ngao? Ana ngao yake na mkate mmoja."

"Na huo mkate ushaota ukungu," alisema mtu wa nyuma, wakacheka kidogo.

"Tukacheze nyumbani kwake basi," alisema mwingine.

"Tulijaribu," alisema Bi Esha. Wiki ya tatu walikwenda na kopo lao. Idarus alishindwa kukishika kikaratasi, machozi yakamtoka, akageuza uso ukutani, na mkewe Tima akawaomba wasirudi tena na mchezo.

"Mwalimu, hao watu hawajui hata Lamu iko wapi," alisema Mourine. "Tukinyamaza nani atatushtaki?"

Mwalimu alitazama ukuta. Pale palining'inia mapatano yao: *Tutafuata masahihisho yote, yatupendeze yasitupendeze.* Mwandiko ulikuwa wa Idarus. Ndiye aliyeyataka, ndiye aliyemsimamia kila mmoja akaweka sahihi. Na sahihisho la kwanza lilipokuja, kwamba farasi hapandi ngazi, farasi wa Mourine aliachwa chini ya ngome akaliwa na fisi. Mourine alisusa wiki nzima. Idarus akamwambia, "Tikiti ni tikiti, Bi Mourine. Mimi hata mke wangu sikumvusha bure."

"Farasi wangu nilimwachilia," alisema Mourine sasa. "Lakini huyu ni mtu."

"Ni mtu wa karatasi," alisema Mwalimu, kwa sauti ya asiyeamini anachokisema. "Mimi siwezi kuamua hili. Bi Esha, wewe ni dada yake."

Wote wakamgeukia. Bi Esha aliikunja karatasi. "Nitamuuliza mwenyewe," alisema.

Njiani aliomba. Hakuomba muujiza, aliona aibu kumwomba Mola muujiza kwa ajili ya mchezo. Aliomba maneno ambayo si uongo na si yale ya kwenye karatasi. Alipita msikiti, akapita duka la mkate, akafika mlangoni, na maneno hayakuja.

"Karibu, wifi," alisema Tima. "Tangu alasiri macho yake mlangoni."

Idarus alikuwa ameukunjua mkono wa kushoto juu ya godoro, kiganja juu, kama kila Alhamisi. Bi Esha akaweka wake ndani yake. Angeweza kusema alivyozoea, kwamba Ngao amelala salama. Lakini angetoka hapo na kwenda kusimama mbele ya Mola na uongo aliomdanganyia mgonjwa. Akatoa karatasi, akamsomea yote, polepole, hakuruka neno.

"Wenzako wako radhi tuiache kanuni hii," alisema. "Ni neno lako tu, ndugu yangu. Tuifuate?"

Akafumba macho akaomba: moja, ya Rabi, moja tu.

Mkono ukabana. Bi Esha alishusha pumzi. Kisha ukabana tena.

"Umesema ndiyo?"

Mara mbili, kwa nguvu kuliko siku zote.

"Anasemaje?" aliuliza Tima.

"Anasema tikiti ni tikiti."

Jumatatu alilikata sahihisho na kulibandika, nalo likakaa sawa bila mkunjo. Jina la Ngao alilifuta kwa mstari wa rula.

Alhamisi iliyofuata wasafiri walivuka mto. Bi Esha alipita kwa Idarus akakuta mkono umekunjuliwa, kiganja juu. Akaweka wake, akamweleza habari za mto, nani alilowa, nani nusura achukuliwe na maji. Idarus alimtazama mdomo, akingoja maneno ya kila Alhamisi. Habari zikaisha. Aliendelea kungoja.

Bi Esha akaanza kumsomea Yasini. Alisoma mpaka mwisho, na mkono ule haukubana.