Chumba cha Mgeni

Mimi Mboni sina subira, na sijawahi kudai kuwa ninayo. Kwa hiyo nitaanza na chumba chenyewe, maana ndicho kilichoniudhi kwanza.

Kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya baba yangu, hapa Kisarawe, miaka ile Mwingereza ameshatulia na vita vya Mjerumani vimesahauliwa na wale ambao hawakupoteza mtu. Hakikuwa na dirisha. Humo tuliweka mahindi ya mbegu, majembe, kuku wanaoatamia, na wanawake wanaojifungua. Ndiyo, humo humo. Mimi nilizaliwa humo, mdogo wangu Mfaume alizaliwa humo, na hakuna aliyeuliza kama kuna pengine.

Mke wa Mfaume, Mwanahalima, binti wa watu wa Gwata, alijifungulia humo mara mbili. Watoto wote wawili hawakufika siku ya saba, siku ambayo kwetu mtoto hutolewa nje na kupewa jina. Tuliwazika bila jina. Baada ya yule wa pili mama yangu, Bi Tatu, aliweka sheria: mimba ikija tena, isitajwe. Hakuna kushona wala kununua, hata kitambaa kisikunjwe. Mdomo huumba, alisema, na ukimtaja ambaye hajafika unamwita wa kumchukua. Basi mimba ilipokuja tena, jirani akiuliza tulimjibu kwamba Mwanahalima anasumbuliwa na tumbo. Tumbo lenyewe lilikuwa linamtangulia mlangoni, lakini tulishikilia hivyo hivyo, na majirani wenye adabu wakatupa pole.

Asubuhi moja wifi yangu akanijia uani na jembe mkononi. Nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya kuachwa na mume wa pili, na kila kazi ya nyumba ile ilikuwa inanitafuta mimi. Akaniambia anataka kukitengeneza kile chumba. Nikamwuliza kama amechoka kuishi na mama yangu kwa amani. Hakucheka.

"Wifi," akasema, "wale wawili walifika, wakaona giza, wakarudi. Hata mimi ningerudi. Huyu nataka akifumbua macho aone kwamba alikuwa anangojewa."

Nilikasirika, maana nilijua atakayechimba udongo ni nani. Lakini zaidi ya hasira nilimwonea huruma. Nikamwuliza tutamwambia Mama nini.

"Tumwambie ninamwandalia mgeni."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kwetu mgeni ni yule anayekuja kwa miguu yake na yule anayekuja kwa njia nyingine. Mkunga akitoka chumbani hasemi mtoto kazaliwa, husema mgeni kafika. Kwa hiyo halikuwa neno la uongo, na mwenye kulisikia alisikie atakavyo.

Mama alipoambiwa aliuliza mgeni gani. Mwanahalima akasema ni mgeni tu, anatoka mbali. Mama akalitazama lile tumbo, akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo nalijua tangu utoto. Jikoni akaniambia, "Mimi sijasikia kitu, na wewe hujaniambia kitu." Tangu siku ile akawa anakipita kile chumba ameugeuza uso.

Tukaanza. Mahindi tulihamishia darini jikoni, kuku wakapelekwa bandani wakilalamika kama watu waliofukuzwa kwao. Masizi tuliyoyakwangua ukutani yalikuwa mazito, nikajiuliza ni moto wa bibi zetu wangapi ule. Udongo mweupe nilikwenda kuuchimba mwenyewe kule milima ya Pugu na kuurudisha kichwani, na kila nilipotua mzigo nilimlaani wifi yangu kwa jina lake na la baba yake. Yeye akauloweka, akaukanda, akaupaka ukutani kwa kiganja, taratibu. Sakafu tulitwanga udongo wa kichuguu na kuusugua kwa jiwe hadi ukang'aa.

Mfaume alikuwa anakata kuni za treni huko Ruvu. Alipokuja kwa Ijumaa, mkewe akamwonyesha ukuta wa mashariki, akamwambia atoboe dirisha. Hakuuliza, alichukua panga. Kesho yake niliamka mapema nikaingia mle kutafuta jembe langu, nikasimama. Jua lilikuwa limeingia. Lilikuwa limepita dirishani, limefika ukuta wa pili, na chumba kizima kilikuwa cheupe, hata mikono yangu nikaiona migeni. Nimeishi katika nyumba ile tangu kuzaliwa na sikujua kwamba jua linaweza kufika humo. Nilisema Subhanallah, nikavua makubadhi nikayaweka nje. Mimi, ambaye hata msikitini walikuwa wananikumbusha.

Tangu hapo hakuna aliyeingia na viatu, na hakuna aliyepaza sauti. Majirani wakaja kuona, wakanong'ona. Mmoja akaleta mkeka wa ukindu wa rangi aliokuwa ameuweka kwa arusi ya binti yake. Mwingine akaleta mtungi. Wanawake walielewa, hawakusema. Wanaume, kama kawaida yao, walisikia neno wakaliacha juu juu, na katika hao alikuwamo baba yangu, Mzee Mwinyimadi.

Baba alikuwa na kaka yake mkubwa, Zahoro. Wakati wa vita vya Mjerumani walikuja askari kukamata wapagazi, wakamchukua Zahoro shambani na jembe lake likabaki limesimama kwenye tuta. Hakurudi. Wenzake waliorudi hawakuwa na habari zake. Watu walimshauri Baba aweke matanga, naye akakataa, akasema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaambiwa amekufa. Mambo hayo tulikuwa hatuyazungumzi.

Siku moja Baba akasimama kwenye mlango wa chumba kile, akakitazama muda mrefu. Akamwuliza Mwanahalima mgeni anatoka wapi. Naye, masikini, akajibu lile jibu lake: anatoka mbali. Baba akauliza kama atakaa. Mwanahalima akasema, "Ninamwomba Mungu akae, Baba." Mzee akaondoka.

Jioni akarudi amebeba kitanda chake mwenyewe, kile cha mvule, akakitia chumbani. Kamba zake zilikuwa zimelegea, akanitaka nikiwambe upya, maana mwenye tumbo kwetu hafungi fundo. Nikawa ninavuta kamba huku ninasonya. Yeye amesimama pembeni, akasema kwa sauti ya mtu anayejaribu kuficha furaha yake, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapo ndipo nilipoelewa anamngoja nani.

Nikamfuata Mwanahalima kisimani, nikamgombeza vibaya. Nikamwambia amemtia mzee wazimu, na kama hatamwambia yeye nitamwambia mimi. Aliweka ndoo chini akakaa ukingoni. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Nikimwambia, nitakuwa nimemtaja," akasema. "Wifi, mimi siamini kama Mama anavyoamini. Lakini na mimi ninaogopa."

Nilikuwa na ulimi wa kumsema kila mtu Kisarawe nzima, na siku ile haukunifaa. Nikisema, na mtoto akifa, nitakuwa nimemwua mimi. Nisiposema, baba yangu ataendelea kungoja maiti. Nikabeba ndoo zote mbili nikarudi nyumbani.

Baba akaanza kwenda stesheni ya Pugu. Alifua kanzu yake nzuri, akaikunja na kuiweka tayari, akawa anakwenda na nguo za kawaida kutazama wanaoteremka kwenye treni. Akirudi anasema labda ile ijayo. Mama alikuwa anampakulia chakula na kumtazama anavyokula, naye hakusema kitu, na mimi najua kunyamaza kule kulimgharimu. Alikuwa amekaa naye maisha yake yote na alijua hasa treni ile haina mtu.

Uchungu ulianza Baba yuko Pugu. Mkunga akaja, mimi nikapewa kazi ya maji ya moto, Mama akakaa nje ya mlango ameupa mgongo. Haukuwa uzazi mrefu. Mwanahalima aling'ang'ania kitanda cha mvule na kutazama dirisha, na mtoto alipotoka hakulia kwanza. Alikuwa mvulana. Mkunga akamwinua kwenye ule mwanga, na mtoto akafumbua macho. Wallahi alitazama. Aliutazama ukuta mweupe kama mtu aliyefika mahali akawa anasoma jina la mahali hapo. Nimezalisha mbuzi, nimewatazama wanawake wengi wakizaa, na sijapata kuogopa kitu kizuri namna ile.

Mama alikuwa amekataza vigelegele mpaka siku ya saba, lakini midomo ya majirani ilikuwa imeshaitoa habari. Nilikuwa uani na chungu cha maji nilipomwona Baba anakuja mbio, yeye mwenye goti bovu, kofia mkononi. Mtu amemwambia njiani kwamba mgeni wenu kafika.

"Kafika?" akaniuliza.

Nilitafuta uongo sikuupata, nikatafuta ukweli sikuweza kuusema.

"Kafika, Baba."

Ndipo mtoto akalia mle ndani. Kilio chembamba, cha hasira kidogo. Baba akakisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona akielewa, uso wake haukubadilika, ila mabega yalishuka, akavaa kofia yake polepole kwa mikono miwili. Akaenda kukaa barazani. Nikamfuata nimwombe radhi, akaniinulia mkono tu. Tangu saa ile hakusema na mtu. Sala alisali, chakula alikula, na chumba kile hakukikaribia.

Siku zile zilikuwa ndefu. Mwanahalima halali, ameweka kiganja chini ya pua ya mtoto. Mimi nilikuwa ninakwenda mle mara kwa mara kwa visingizio, mara maji, mara uvumba, kumbe ninakwenda kutazama kama kifua kinapanda. Kilikuwa kinapanda. Asubuhi jua likipita dirishani mtoto anaacha kunyonya, anageuza shingo ile isiyo na nguvu, anautazama mwanga, halafu anarudi kwenye ziwa. Mama bado hakuwa ameingia. Alikuwa anapitisha uji kwa mkono mlangoni, anauliza habari za Mwanahalima peke yake. Mtoto hakumwulizia. Kwake bado hajafika.

Siku ya saba ikafika na mtoto yu hai. Mkunga akamnyoa, akamwosha, akamfunga katika kitambaa cheupe. Mfaume alikuwa amerudi kutoka Ruvu, amesimama uani na majirani. Kwa desturi bibi mzaa baba ndiye humbeba kumtoa, kwa hiyo Mama hakuwa na pa kukimbilia. Akavua viatu akaingia. Alizitazama kuta, kitanda, mkeka, lile dirisha. Mkunga akamwekea mtoto mikononi, naye akampokea ameukunja uso, kama mtu aliyepewa kaa la moto.

Hapo tukasikia mlangoni, "Hodi."

Alikuwa Baba. Amevaa ile kanzu nzuri, amenyoa ndevu, viatu ameviacha nje. Mwanahalima akasema karibu. Nilidhani amekuja kudai kitanda chake, au kusema neno ambalo litabaki katika nyumba ile milele. Akaingia mpaka mbele ya Mama. Akamtazama mtoto, na mtoto, akiwa macho, akamtazama yeye. Baba akavua kofia. Akainama mbele yake namna tunavyowainamia wakubwa wetu.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Hakuna aliyejongea. Shikamoo haiachwi hewani, kila mtu anajua, na aliyesalimiwa alikuwa na siku saba. Baba hakuinuka. Alikuwa anangoja, mzee wa watu, na machozi yanamdondokea kwenye sakafu ile niliyoisugua mimi.

Mama yangu alikuwa hajapata kulitaja jina la mumewe. Tangu aolewe alimwita Baba Mboni, au yeye, au mwenye nyumba. Mwanamke wa kwetu wa rika lake angeona heri ang'oke jino. Lakini kaka mkubwa humwita mdogo wake kwa jina. Akampandisha mtoto kifuani, akampangusa mdomo kwa ncha ya kanga, akamjibia.

"Marahaba, Mwinyimadi," akasema. "Nimefika."