Kila Kinachong'aa

Mtandao wa nyumbani kwa baba mkubwa ulikuwa unafika mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Kila Jumapili mzee alisimama pale na simu, akimwonyesha mwanawe Mzwandile ndama, na Mzwandile, fundi wa kuchomelea vyuma huko Qatar, anacheka. Yeye ndiye aliyenunua kile kisahani cha paani, maana bondeni kwetu simu hazishiki.

Jumamosi ya mazishi ya mzee, kaburi lilichimbwa hapo hapo kando ya zizi, na mtandao ukawa unatembea kama bi harusi wa kanisani.

Mzwandile alinyimwa ruhusa na tajiri wake. Naye ndiye mwana wa kwanza: yeye wa kutaja majina ya sifa ya ukoo kabla udongo haujaanguka, ili waliotangulia wajue anayekuja ni wa kwao. Tulikubaliana ayataje kupitia simu yangu. Nilichoona ni nusu ya paji la uso, limeganda.

"Mtho... unan... si..."

"Kaka, unaongea kama redio iliyomeza maji."

Nikawatimua binamu waliokuwa nyuma ya nyumba na simu zao. "Msiba huu, nyie mnatazama mpira?"

"Ni marudio tu, Mthobisi!"

Wakazima. Wapi! Nikapanda paani, nikafuta mavi ya njiwa kwenye kisahani. Wapi! Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikawasha tena. Ndiyo kwanza hata lile paji likapotea.

Kilibaki kisanduku chenyewe, nacho kiko chumbani alimokaa mjane kwenye godoro pamoja na akina mama. Mwanamume haingii humo. Nikagonga dirisha.

"Shangazi Thokozile! Kisanduku cha intaneti, taa zake kijani au nyekundu?"

"Taa hakuna."

"Hata moja?"

"Sioni taa, nimesema! Punguza domo, mama yako mkubwa analia."

Basi nikajua waya umekatika. Kisichowaka kinatoaje hata nusu ya paji la uso? Mimi mjuaji, swali hilo lilinipita. Nikaanza kuupapasa waya kutoka paani mpaka ukutani.

"Kijana," mchungaji akaniita, "nina mazishi mengine leo."

"Dakika tano, mchungaji."

"Ulisema hivyo tulipoanza kuimba."

Waya ulikuwa mzima. Nikarudi dirishani mbio. "Shangazi, kiguse. Cha baridi?"

"Kina moto kama chungu! Hata mablanketi yamechemka."

"Mablanketi gani?"

"Niliyokifunika! La kwanza taa zilipenya, nikaongeza la pili, nikakisukuma nyuma ya kabati. Kioo nimefunika, televisheni nimefunika, hicho kinachokonyeza macho ndiyo nikiache? Kwenye msiba kila kinachong'aa kinafunikwa. Au wewe ulilelewa sokoni?"

"Kifunue, Shangazi, nakuomba."

"Na marehemu bado yuko juu ya ardhi? Ngoja azikwe."

Ikaja sauti ya mjane, nyembamba, kutoka godoroni: "Thoko, kifunue. Mwanangu yumo humo."

Nikasikia kabati likiburutwa. Kisanduku kilichukua muda wake kupoa na kuamka, nami nimekodolea simu macho, sikutazama zizini.

Picha ikaja safi ajabu. Mzwandile kavaa suti, nyuma yake vitanda vya chuma vya bweni lao.

"Mtho! Sasa nawaona vizuri. Nianze?"

Nikageuza simu. Mzaha wa kuweka hapo sikuwa nao. Wanaume walikuwa wanashindilia kifusi kwa migongo ya masepetu, na mtandao ukampelekea kila pigo bila kukatika.

"Nani ametaja majina?" akauliza.

"Hakuna. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Akaita jina la kwanza la sifa ya ukoo, mara moja tu, kwa nguvu: "Gatsheni!"

Mchungaji alikuwa ameshafika kwenye gari lake. Ng'ombe ndio walioinua vichwa, wakaitazama simu, kama kila Jumapili.