Kipato cha Nyumba

Jumamosi ambayo wenzake wawili wa darasani walisafiri kwenda Sheffield kukitazama chuo, Tamsin Trevaskis alikuwa amepiga magoti ndani ya bafu la watu, akichokoa nywele kwenye tundu la maji kwa uma mbovu. Nywele ndefu za dhahabu, zilizogandamana na sabuni. Wageni wa wiki ile walikuwa wametoka saa nne asubuhi. Wa wiki mpya wangeingia saa kumi. Kati ya saa hizo mbili, nyumba nzima ya vyumba vitano ilitakiwa iwe kana kwamba hakuna binadamu aliyepata kulala humo.

"Umemaliza huko?" mama yake aliita kutoka chumba cha mbele. "Njoo unishikie godoro. Kuna mtu kamwaga mvinyo."

"Mwekundu?"

"Hawa wamemwaga mweupe lini?"

Waliliinua godoro wakaligeuza. Upande wa pili nao ulikuwa na doa lake, la zamani, limepauka. Mama yake, Morwenna, alisimama mikono kiunoni, akayalinganisha madoa mawili kama mtu anayechagua nyanya.

"Tulilaze kwa hili la zamani," akasema. "Shuka ni nzito."

Wawili hao walikuwa wakisafisha nyumba tisa za kupangisha watalii pale St Ives, Tamsin akiwa mkono wa pili wa mama yake kila Jumamosi tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Wao wenyewe walipanga Camborne, ndani kidogo kutoka pwani, ambako hakuna mtalii anayeshuka basi. Morwenna hakupenda nyumba zile. Tamsin alizipenda. Hii ya Bi Ashcombe aliijua kama mtu anavyoujua mwili wake: mahali ukuta wa mawe ya kale ulipounganishwa na ule mpya, sababu ya mlango wa jikoni kukwama mvua ikinyesha, ngazi ipi ilikuwa fupi kuliko nyingine kwa upana wa kidole. Alikuwa ameichora yote, kwa vipimo, mgongoni mwa karatasi za oda za shuka. Michoro hiyo ndiyo iliyowafanya wale wa Sheffield wamwandikie kwamba wanamtaka asomee usanifu majengo.

Simu ilitetemeka mfukoni mwake wakati anafuta vioo. Ilikuwa barua pepe ya ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Aliisoma mara moja, akavua glavu, akaisoma tena.

"Mama," akasema. "Wamemhesabu Denzil."

Denzil Rowe alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alikuwa amehamia kwao mwezi wa kumi, na begi moja na kikaangio chake. Alikuwa na watoto wawili Truro kwa mke wa zamani, na kila mwezi, kabla hajanunua hata soksi, aliwapelekea wao kwanza. Kwa ofisi ya mikopo hayo hayakuwa na maana. Anaishi humo ndani, ni mwenzi wa mama, basi mshahara wake ni kipato cha nyumba. Na nyumba yenye kipato hicho, barua ilisema kwa adabu, inatarajiwa imsaidie mtoto. Mkopo wa kujikimu wa Tamsin ulikuwa umeshuka kutoka elfu kumi na kitu kwa mwaka hadi elfu sita. Bweni la bei ya chini kabisa kule chuoni lilikuwa pauni elfu sita na mia nane. Kabla ya mkate.

Jioni ile Denzil aliiweka simu yenye barua kando ya sahani yake, akaisoma huku maharage yakipoa.

"Yaani mimi ndiye baba yake sasa?"

"Kwenye karatasi," Morwenna alisema.

"Mbona hawakunipigia simu kunipongeza?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sikia, binti. Ningekuwa nayo ningekupa. Unajua."

"Najua, Denzil."

"Na nikihama?"

Alisukuma sahani kando.

"Wiki nzima nalala kwenye lori hata hivyo. Jumamosi na Jumapili kaka yangu ana karavani kule Hayle. Mnaandika mmeachana, mkopo unarudi palepale."

"Na kodi ya hapa?" Morwenna aliuliza. "Pauni mia tisa, kwa nyumba tisa za kusugua? Ukiniletea hela kwa mlango wa nyuma huo ni udanganyifu, Denzil. Jirani mmoja tu akifungua mdomo, wanamfuata yeye aulipe mkopo wote." Alikuwa anamaanisha Tamsin, lakini hakumtazama. "Miaka minane nimekaa peke yangu. Minane. Sasa serikali inataka niachane na mtu ili mtoto asome."

"Kuna Plymouth," Tamsin alisema.

Plymouth walikuwa wamemkubali kusomea upigaji picha za eksirei, na angeweza kwenda na kurudi kwa treni. Mwalimu Carne, aliyeshughulika na masuala ya vyuo pale shuleni, ndiye aliyemwambia aombe huko pia. Jumatatu alimfungulia tena lile jedwali kwenye kompyuta: kozi upande wa kushoto, upande wa kulia mshahara wa wahitimu baada ya miaka mitano.

"Eksirei miaka mitatu, na hospitali zinawalilia watu," alisema. "Usanifu ni saba kabla hujaruhusiwa kujiita msanifu. Saba, Tamsin. Na mwanzoni wanakulipa kama muuza kahawa. Michoro yako mizuri, sikatai. Lakini tutazame namba."

"Ungekuwa wewe, mwalimu, ungechagua ipi?"

Mwalimu Carne alifikiri. Alikuwa mtu mkweli.

"Mimi nilisoma historia ya Roma," akasema. "Baba yangu alikuwa daktari wa meno."

Mwisho wa mwezi wa tano Bi Ashcombe alishuka kutoka London kukaa wiki moja kwenye nyumba yake, pamoja na mwanawe Rufus, na akamwomba Morwenna apite kila asubuhi. Siku ya tatu Tamsin alienda badala ya mama yake, ambaye mgongo wake ulikuwa umekaza. Bi Ashcombe alimkuta akipangusa jiko.

"Tamsin! Rufus ameniambia. Na wewe Sheffield, kama yeye?"

"Wamenikubali, Bi Ashcombe. Sijajua kama nitaenda."

"Fenella, tafadhali. Niite Fenella. Kwa nini usiende?"

Tamsin alimweleza kwa ufupi, akiendelea kupangusa. Bi Ashcombe alisikiliza, kichwa upande, na macho yake yalilowa kweli.

"Inauma sana," alisema. "Wanawabana wasio na kitu. Ninyi hasa ndio wanaopaswa kuwasaidia." Akavuta kiti cha juu akakaa. "Usiache ndoto yako kwa ajili ya hela. Niahidi. Ukifanya unachokipenda, hela itakuja yenyewe."

"Ndiyo, Bi... Ndiyo."

"Maana sisi tumemnunulia Rufus nyumba huko. Ndogo tu, nyumba za mstari zile, zilizoshikana kuta. Nilipiga hesabu, miaka mitatu ya bweni ni hela ya kutupa. Rafiki zake watatu watapanga, na nyumba itajilipa." Wazo lilionekana likimjia usoni kama zawadi. "Kuna chumba kidogo juu. Fundi alisema tukifanye stoo. Unaonaje?"

"Kwa kiasi gani?"

"Tuseme arobaini kwa wiki? Na wewe unawasaidia kidogo. Jikoni, mabafu, shuka. Wavulana wanne, Tamsin, unajua watakavyokuwa. Saa kumi tu kwa wiki, utazipanga mwenyewe. Siyo kazi, ni kusaidiana. Na wala hatuhitaji makaratasi, mama yako yuko na sisi miaka kumi na moja."

Rufus aliingia akiwa na kikombe mkononi, nywele zimesimama. Alikuwa kijana mwenye haya.

"Tamsin atakaa na ninyi!" mama yake alimwambia.

"Ah. Safi," Rufus alisema, akamtazama Tamsin, kisha akakitazama kitambaa mkononi mwake. Akageuka kuosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo Tamsin hakuwahi kumwona akifanya.

Mwisho wa kujibu vyuo ulikuwa Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo alirudi kutoka shule akalikuta begi la Denzil limesimama kwenye ujia, zipu imefungwa, kikaangio kimefungwa juu yake kwa kamba. Denzil alikuwa jikoni, koti mwilini, akila pasti, andazi la nyama na viazi, kwa kusimama kama mtu anayesubiri basi. Morwenna alikuwa amekaa, ameupa mlango mgongo.

"Rudisha hilo begi," Tamsin alisema. "Nimepata chumba."

Akawaeleza. Alieleza haraka, arobaini kwa wiki kwanza, mengine mwishoni, sauti ikishuka. Denzil aliacha kutafuna.

"Huyo mwanamke," alisema. "Huyo mwanamke anatafuta kijakazi wa mtoto wake."

"Ni saa kumi tu. Hapa nafanya saa sita kila Jumamosi."

"Hapa unafanya na mama yako!"

"Denzil," Morwenna alisema.

"Sisemi kitu. Lakini hiyo siyo sawa, Wenna. Bora mimi niende."

"Ukienda tunapoteza nyumba," Tamsin alisema. "Nikienda Plymouth nitapiga picha mifupa ya watu maisha yangu yote nikiwaza kuta. Hii ndiyo inayobaki. Niambieni kama kuna nyingine."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Denzil aliweka pasti mezani. Akatoka kwenda kwenye ujia, wakasikia kamba ikifunguliwa.

Viganja vya Morwenna vilikuwa mezani, ngozi imechanika kwenye viungo kwa dawa za kusafishia. Miaka yote alikuwa akimwambia binti yake asome ili mikono yake isije ikafanana na hii. Sasa alimtazama, na alichosema kilikuwa hiki:

"Usianze na bafu. Wataliingia kabla hujamaliza. Anza jikoni, wakiwa bado wamelala."

Mwezi wa tisa Denzil alimpeleka mwenyewe, kwa gari la kuazima. Bi Ashcombe alikuwa amefika siku moja kabla, na kwenye mlango wa friji alikuwa amebandika orodha ya kazi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye maua ya rangi pembeni. Rufus na wenzake walimsaidia Tamsin kupandisha masanduku. Walikuwa na adabu. Wiki ya kwanza walimwambia asante kwa kila sahani. Wiki ya pili walizoea.

Kazi ya kwanza darasani ilikuwa rahisi. Mwalimu wao, Dokta Gilfoyle, mtu mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisema kila mtu apime chumba anacholala akichore kwa vipimo, bila kuongeza wala kupunguza. Ijumaa walibandika michoro ukutani, sitini na mbili, na mwalimu akapita akizungumza na kila mmoja. Kwa Tamsin alisimama zaidi. Alivaa miwani.

"Mistari safi sana," alisema. "Mkono huu umezoea. Lakini umesahau dirisha."

"Sikusahau."

"Mwanga unaingilia wapi basi?"

"Mlangoni. Ukiwa wazi."

Wengine walicheka, bila ubaya, wakidhani ni mzaha. Dokta Gilfoyle naye alitabasamu. Akaweka kidole kwenye vipimo: mita mbili na nusu kwa mita moja na sentimita themanini.

"Hapa umepima stoo, Tamsin. Hata sheria haiwezi kukiita hiki chumba cha kulala. Mimi nilisema mahali mtu anapoishi." Akaubandua mchoro taratibu ili usichanike, akamrudishia. "Usihuzunike, wiki hizi za kwanza kila mtu anaelewa vibaya. Niletee kingine Jumatatu."

Alitaka kusema. Lakini nyuso sitini na moja zilikuwa zimemgeukia. Watatu kati ya hao walikuwa wamekula kwa Rufus juzi, na vyombo vyao aliviosha yeye.

"Sawa," akasema.

Jumapili alimaliza jikoni, akamaliza mabafu, akabadilisha shuka za vitanda vinne. Kisha akapanda ngazi, akajikunja kitandani, ubao wa kuchorea juu ya magoti, mlango ameufunga kwa sababu chini walikuwa wanatazama mpira. Ilikuwa saa nane mchana na taa ilikuwa inawaka. Alianza kuchora upya. Kitanda alikiacha palepale. Akasogeza ukuta mmoja nje kwa mita moja, jambo lililomgharimu sekunde tatu na kifutio. Kisha kwenye ukuta wa kichwani akapima, akafuta mstari katikati, akaweka dirisha: pana, la vioo viwili, linalofunguka nje.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na ukuta wa jirani, matofali kwa matofali. Alijua.

Chini mtu aliita jina lake, akauliza sabuni ya vyombo inawekwa wapi siku hizi. Tamsin alipuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi, akashika penseli kwa ubavu, na kwenye sakafu ya chumba akaanza kutia kivuli, kwa uangalifu, akizunguka umbo la mwanga unaoingia.